Gari la Wagonjwa Lililokataa Wagonjwa

Saa tatu asubuhi, Manundu, Korogwe. Fundi Laurenti Simeo amelala chali juu ya kitanda cha chuma ndani ya gari la wagonjwa. Viatu viko miguuni, mikono iko kifuani, macho yako wazi. Gari linakwenda. Kila linaporuka shimo, fundi huyu mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu anajigeuza: ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha chali tena.

Mbele, dereva Mbwana Mhina hajali kinachotendeka nyuma yake. Amekwisha kuzoea. Mwanzo wa kila mwezi yeye huleta gari hili kutoka Handeni likaguliwe, na kila mwezi fundi hulala humo maili sita kabla hajashika spana.

Wanawake wanaokwenda sokoni na mizigo kichwani wanasimama kutazama. Mmoja anasema fundi amepata kazi nzuri, analipwa alale. Wenzake wanacheka. Laurenti anawasikia, maana mlango wa nyuma uko wazi.

"Wana haki ya kucheka," anamwambia mwandishi wa habari hizi baada ya gari kusimama. "Kama ningelala humu mwaka jana, mtoto wa watu angekuwa anatembea sasa."

Anayasema hayo taratibu huku akifuta vumbi kwenye kola ya shati. Halafu anaomba maji ya kunywa.

Laurenti ni mtoto wa mkonge. Baba yake, mzee Simeo, alitoka Songea kwa miguu kuja kukata mkonge, akamaliza kipande baada ya kipande, yaani kadi ya siku thelathini za kazi, mpaka akasahau habari ya kurudi kwao. Laurenti alizaliwa kambini, akabatizwa kambini, na akiwa kijana akapelekwa kwenye karakana ya shamba kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Huko ndiko alikojifunza injini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichukuliwa jeshini kutengeneza malori, na aliporudi akaajiriwa katika gereji moja ya Manundu. Mshahara wake ni shilingi mia moja na hamsini kwa mwezi. Kwa mshahara huo yeye na mkewe Grasiana wanalea watoto watano.

Katika wilaya hizi mbili, Korogwe na Handeni, gari likizima na mafundi wengine wakashindwa, watu husema lipelekwe kwa Laurenti. Sifa hiyo, anasema sasa, ndiyo iliyomponza.

Mwaka juzi wakulima wa vijiji kadhaa vya upande wa Handeni, Mazingara kikiwa kimojawapo, walichanga fedha za mahindi yao. Walikuwa wamechoka kubeba wagonjwa kwa machela. Zilipatikana shilingi elfu mbili na mia nne, wakanunua lori kuukuu lililokuwa likibeba singa za mkonge. Lori likaletwa kwa Laurenti aligeuze liwe gari la wagonjwa.

Kazi hiyo aliifanya kwa wiki tano. Aling'oa bodi ya zamani, akajenga sanduku la mbao lenye paa la bati, akatia ukuta kati ya dereva na mgonjwa, na upande wa kushoto akafunga kitanda cha chuma kwa bolti nne. Madirisha hakuweka, ila matundu ya hewa juu karibu na paa, ili vumbi lisiwaingie wagonjwa.

Siku lilipokuwa tayari, mzee mmoja wa pale Manundu aliombwa aingie ajaribu kulala. Alipotoka alisema ni gari zuri, lakini humo ndani ni kama kaburini.

Neno hilo lilimkaa Laurenti moyoni. Jioni yake, bila kuagizwa na mtu na bila kudai hata senti, akafunga taa ndogo darini mwa lile sanduku. Umeme wake aliutoa kwenye swichi ya kuwashia gari. Waya akaupitisha sakafuni, kandokando ya ukuta, chini ya kitanda, ukapanda nyuma hadi kwenye balbu.

"Nilifurahi," anasema. "Nilimwita mke wangu aje aione."

Gari likaanza kazi kwenye zahanati ndogo ya upande wa Handeni. Mbwana Mhina, mwenyeji wa huko huko, akapewa usukani. Wagonjwa waliozidi nguvu za zahanati ilimpasa awafikishe hospitali ya Korogwe, mwendo wa maili arobaini na zaidi.

Safari ya kwanza alibeba mtoto mwenye homa, akafika salama. Safari ya pili alimbeba mwanamume aliyevunjika mguu. Walipofika kwenye kipande kibovu cha barabara gari likazima ghafla, pasipo kukohoa wala kutikisika. Mbwana akajaribu kuliwasha likakataa. Wakamshusha mgonjwa ili wanaume walisukume. Likawaka mara moja.

Ikawa hivyo mara nyingine, na nyingine tena. Isaka, msaidizi wa mganga pale zahanati, alikuwa akiandika kila safari katika daftari. Baada ya miezi mitatu daftari lilionyesha safari ishirini na tatu, na katika safari tisa gari lilikuwa limezima njiani. Watoto wote walifika. Waliokwama walikuwa watu wazima.

Kila lilipozima lilirudishwa Manundu. Laurenti alibadilisha betri. Akabadilisha koili, platini, plagi na fyuzi. Akafungua swichi akaisafisha kwa petroli. Akaliendesha yeye mwenyewe, likiwa tupu, mpaka Mombo na kurudi mara nne. Halikuzima hata mara moja.

Mbwana alimweleza kwamba gari linakataa likiwa na mtu mzima, na mtu huyo akishushwa linakubali. Alimwambia pia kwamba mara mbili alisikia harufu kama ya mpira unaoungua. Laurenti akatia magunia mawili ya mahindi katikati ya kitanda, akaenda nayo maili ishirini. Magunia yalilala kimya na gari likaenda salama.

Huko vijijini maneno yalikuwa yamekwisha kuenea. Watu walisema lile gari linawajua wagonjwa na linawakataa. Wengine walisema lori lile, lilipokuwa shambani, liliwahi kuua mtu. Wagonjwa wakaanza kukataa kulipanda. Familia zikarudia machela.

Laurenti hakuamini hayo. Aliamini vyuma. Na kwa kuwa vyuma vilikuwa vizima, akaona kosa lililobaki ni la mtu.

Mwezi wa tisa mwaka jana, Hajira binti Mwinjuma wa Mazingara, wakati huo akiwa na miaka ishirini na mitatu, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Isaka aliona haraka kwamba mambo hayo yamemzidi, akaamuru apelekwe Korogwe. Mama mkwe wake hakutaka, kwa sababu ya habari za lile gari. Mumewe alikubali kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

Waliondoka saa sita mchana. Kabla ya saa nane gari likazima.

Wakamshusha Hajira, wakamlaza kivulini kando ya barabara, wakasukuma. Gari likawaka. Wakampandisha. Halikumaliza maili moja, likazima tena. Wakamshusha mara ya pili, likawaka, wakampandisha, likazima. Mara ya tatu Hajira mwenyewe alikataa kupandishwa. Wakatafuta miti, wakafunga shuka, wakambeba begani.

Walifika kituo cha misheni kilichokuwa njiani jua likiwa linazama. Mtoto, wa kiume, alizaliwa akiwa amekwisha kufa. Hajira alibaki hai.

Baada ya msiba huo wenye gari walimwandikia Laurenti barua. Walitaka jambo moja tu: aseme gari lina kosa gani. Alilipima tena siku mbili nzima. Kisha akawajibu kwa mwandiko wake kwamba gari ni zima, na kwamba wamwangalie dereva.

Barua hiyo ipo mpaka leo. Isaka anayo ndani ya daftari lake, naye alimwonyesha mwandishi huyu. Ina mistari minne.

Mbwana aliachishwa kazi wiki ile ile. Watu waliodhani anauza petroli njiani walipata la kusema, na waliodhani ana mkono katika uchawi nao walipata lao. Mkewe, Zamda, alirudi kwa wazazi wake. Mbwana, mtu aliyekuwa ameshika usukani miaka kumi na mmoja, akaenda kukata mkonge kwa kipande, ambapo siku thelathini za kazi zilimpatia shilingi zisizofika hamsini.

"Mimi nilijua sina kosa," anasema Mbwana. "Lakini ukiambiwa na fundi kama Laurenti, hata wewe mwenyewe unaanza kujiuliza."

Gari likawekwa nyuma ya gereji, Manundu, likingoja mnunuzi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, asubuhi moja, mwanamke kijana alisimama mlangoni mwa gereji. Alikuwa ametoka hospitali kupimwa, mama mkwe wake akiwa naye. Alimwamkia Laurenti shikamoo, akaitikiwa marahaba, halafu akaeleza kwamba amekuja kuulizia kifurushi chake. Alikisahau ndani ya gari. Ni kanga mbili na kofia ndogo ya uzi.

Laurenti alikuwa na kifurushi hicho. Alikiokota chini ya kitanda wakati akilipima gari, akakiweka rafuni juu ya makopo ya rangi, bila kujua ni cha nani. Alipoiona ile kofia mkononi mwa mwanamke huyo ndipo alipotambua anazungumza na nani.

Anasema alitaka kutoa pole. Hajira ndiye aliyetangulia kusema. Aliuliza kama ugonjwa wa gari umekwisha kupatikana. Laurenti akamjibu kwamba gari halikuwa na ugonjwa, lilipimwa lote, na dereva amekwisha kufukuzwa.

Hajira alikunja ile kofia, akaiweka katikati ya kanga.

"Fundi, mlimuuliza dereva na yule bwana wa zahanati," akasema. "Mimi ndiye niliyelala mle ndani. Mbona mimi hamkuniuliza?"

Laurenti akamwambia aseme.

Hajira akaeleza kwamba muda wote alikuwa akiitazama taa. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Uchungu ulipokuja alikuwa akijigeuza ubavu wa kushoto na kushika ukuta, na kila alipojigeuza hivyo taa ilikuwa ikififia. Uchungu ukipoa akirudi chali, taa inang'aa tena. Alifikiri ni macho yake. Kisha ukaja uchungu mkubwa, akajigeuza akabaki hivyo hivyo, taa ikazima kabisa. Injini ikanyamaza baada ya taa.

"Ilikuwa hivyo mara zote tatu," akasema. "Taa kwanza, gari baadaye."

Mashahidi wa siku ile, mmoja wao akiwa Ernesti, fundi seremala wa pale gereji, wanasema Laurenti aligeuka pale pale. Alitoka akaenda nyuma ya gereji. Wakamfuata. Alichukua betri ya lori lingine akaifunga kwenye lile gari, akawasha injini, akawasha taa, akamwomba Ernesti asikilize. Kisha akaingia ndani, akalala kitandani mwenyewe.

Alilala chali. Taa iling'aa. Akageuka kulia. Taa iling'aa.

Akageuka kushoto, akashika ukuta kama alivyoelezwa, akasukuma kwa nguvu. Taa ikafifia mpaka ikawa kama kaa la moto linalokufa. Akajisogeza kidogo zaidi. Taa ikazima, na injini ikazima.

"Sikuinuka," Laurenti anasimulia. "Sikuweza. Nilibaki nimelala kwenye giza lile. Nilikuwa nimekwisha kujua ni nini, na nimekwisha kujua ni nani."

Ernesti ndiye aliyemvuta nje. Anasema mwili wa Laurenti ulikuwa wa baridi kama wa mtu aliyenyeshewa, na ilikuwa mwezi wa kwanza, jua kali.

Wakafungua bolti, wakainua kitanda. Chini ya mguu wa nyuma wa kushoto, kipande cha mpira alichokuwa ametia kuzuia mtikisiko kilikuwa kimekatika. Waya wa taa ulipita hapo, na chuma cha mguu kilikuwa kimebaki juu yake kwa nafasi isiyozidi unene wa ukucha. Ganda la waya lilikuwa limeliwa, shaba inaonekana, kando yake pana alama nyeusi ya kuungua.

Kitanda kikiwa kitupu chuma hakikuugusa waya. Mtoto akilala, hakiugusi. Magunia katikati, hakiugusi. Lakini mtu mzima akiegemea kushoto kwenye barabara mbovu, chuma kilishuka kikauma waya, umeme wote ukakimbilia kwenye chesisi, fremu ya chini ya gari, koili ikakosa moto, injini ikafa. Akishushwa, kitanda kilipanda, waya ukaachiwa. Harufu ya mpira aliyoisikia Mbwana ilikuwa kweli. Kila neno alilosema Mbwana lilikuwa kweli.

Na ule waya haukuwamo katika lori la awali. Ni ule alioutia Laurenti jioni ile, kwa hiari yake, ili mgonjwa asilale gizani.

Hajira alikuwa amesimama pale wakati wote. Hakuelewa mambo ya waya, akaomba aelezwe. Laurenti angeweza kusema gari lilikuwa kuukuu. Mwenye gereji, aliyekwisha kuja kuona kulikoni, alimkonyeza anyamaze. Laurenti akamweleza mwanamke yule yote, kuanzia neno la mzee hadi kitanda. Akamwambia kwamba taa ile aliifunga yeye, na kwamba barua ya kumfukuzisha dereva aliiandika yeye.

Hajira aliuliza swali moja. Je, kama angelala ubavu wa kulia?

"Nikamwambia, mngefika," Laurenti anasema.

Mama mkwe alikaa chini pale pale kwenye mchanga wenye mafuta. Hajira alibaki wima. Akamwinua mama mkwe wake, wakaondoka na kifurushi chao.

Kutengeneza kosa lenyewe kulichukua dakika arobaini. Laurenti aliung'oa waya wote, akaupitisha upya juu ya dari ndani ya bomba la chuma, akautia fyuzi yake peke yake. Tangu siku hiyo gari halijazima.

Mambo mengine hayakutengenezeka upesi hivyo. Laurenti aliandika barua ya pili kwa wenye gari, ndefu kuliko ya kwanza, akikiri kosa na kuomba Mbwana arudishwe. Nakala aliipeleka mwenyewe kwa miguu mpaka shamba la mkonge alikokuwa Mbwana, akamsomea mbele ya wakataji wenzake. Mbwana alikuwa na panga mkononi. Anasema alilitupa mbali kwanza, ndipo akasikiliza mpaka mwisho, maana hakujiamini.

Alirudishwa kazini mwezi wa tatu. Zamda naye alirudi nyumbani. Mbwana na Laurenti hawajawa marafiki, lakini Mbwana hataki gari lile liguswe na fundi mwingine.

"Anajua kosa lake lilipo," anasema. "Fundi asiyejua la kwake namwogopa zaidi."

Mwenye gereji alimkata Laurenti mshahara wa mwezi mmoja kwa kuitia gereji aibu. Wateja wengine walihama. Grasiana anasema kwa wiki kadhaa mumewe hakuweza kula chakula akamaliza, na kanisani alikuwa akikaa benchi la nyuma. Alitaka kuacha ufundi. Alikwisha kumpa jirani sanduku la spana. Grasiana alilifuata akalirudisha, akamwambia kwamba akiacha, somo alilolipata kwa maisha ya mtoto wa mwingine litakuwa limepotea bure.

Sasa Laurenti ana mazoea ambayo watu huyashangaa. Lori likigeuzwa kuwa basi, huwapandisha abiria kabla halijapakwa rangi, akazunguka nao, akawauliza mmoja mmoja wamesikia nini na wameona nini. Hupenda zaidi kuwauliza wanaokaa nyuma. Gari la wagonjwa ndilo analolilalia mwenyewe. Anawafundisha hivyo mafundi wengine watatu wa gereji.

Mpango wake ni kuhamia Handeni. Anasema si haki gari la kuokoa watu kuja maili arobaini kutafuta fundi. Amekwisha kuomba kiwanja kidogo karibu na zahanati, na mwezi ujao anakwenda kusimamisha banda.

Lakini kuna jambo analoliweka mbele ya hilo. Hajira ana mimba tena. Isaka anakadiria atajifungua mwezi wa pili mwakani, na kwa yaliyompata mara ya kwanza ameshauriwa akajifungulie Korogwe. Laurenti amempelekea salamu mara mbili, kwamba siku hiyo yeye mwenyewe atakuwapo garini, akae popote watakapomweka. Hakupata jibu.

Wiki iliyopita mwandishi huyu alifika Mazingara. Hajira alikuwa akipepeta mahindi uani. Aliposikia habari ya fundi aliweka ungo chini.

"Mwambieni sijamsamehe," alisema. "Kusamehe ni kazi ya polepole, na mimi bado niko njiani. Lakini gari nitalipanda, na yeye aje. Maili arobaini ni maili arobaini."

Tulimfikishia Laurenti maneno hayo gerejini. Aliomba tuyarudie. Tulipomaliza aliuliza tarehe ya mwezi wa pili ambayo Isaka ameiandika, akaichora kwa chaki juu ya mlango, kisha akaenda kwa mwenye gereji kuomba ruhusa ya siku kumi bila mshahara.